Mzani wa Korosho na Mzani wa Mama Mja Mzito

Katika kiwanda cha korosho kila kitu hupimwa. Magunia hupimwa yanapoingia, punje hupimwa zinapotoka mikononi mwa mbanguaji, na malipo ya siku hufuata mzani huo huo. Katika shamba la chai vikapu hupimwa, na katika mkonge mafungu ya majani huhesabiwa moja moja mpaka kazi iliyopangwa itimie. Lakini yule mama anayebangua, anayechuma au anayefunga mafungu, akiwa mja mzito wa miezi sita, ni nadra kumpata msimamizi anayejua ameongeza kilo ngapi tangu mwezi uliopita, au kama usiku analala. Sisi tunasema jambo hili ni la chama cha wafanyakazi, na tunaomba nafasi ya kulieleza kwa urefu kidogo.

Siku hizi ushauri juu ya mimba ni mwingi kupita kiasi. Redioni, katika simu na katika vijitabu vya zahanati, akina mama wanaambiwa mambo mawili zaidi ya yote: wajihadhari wasinenepe ovyo, na watulize fikra zao. Hilo la pili limepata walimu na masomo yake. Mtu akae kimya, asikilize pumzi yake inavyoingia na kutoka, ayaache mawazo yapite bila kuyakimbilia wala kugombana nayo, mpaka moyo uwepo pale pale mwili ulipo. Aliyeliingiza jambo hili hospitalini ni Mmarekani Jon Kabat-Zinn, alipoanzisha mafunzo yake katika jimbo la Massachusetts mwaka 1979; baadaye mkunga Nancy Bardacke akayageuza yawafae waja wazito na waume zao. Chimbuko lake ni mafundisho ya Kibudha. Kwetu pwani si geni kama linavyoonekana. Kila aliyepita chuoni alifundishwa kwamba swala ambayo moyo haukuhudhuria ni viungo tu kuinama na kuinuka, na mabibi zetu waliokaa na tasbihi baada ya alfajiri hawakungoja mtu wa ng'ambo kuwafundisha utulivu.

Je, mafunzo hayo yana faida? Yanayo, na haifai kuyadharau. Huko California watafiti waliwakusanya wanawake waja wazito wenye kipato kidogo na wenye uzito mkubwa, wakawafundisha kwa wiki 8 namna ya kutuliza fikra na kula kwa makini, kisha wakawalinganisha na wengine ambao hawakufundishwa. Wale waliofundishwa walipungukiwa na wasiwasi na huzuni, na walipofuatwa miaka iliyofuata, hata kufikia miaka 8, nafuu ya moyo ilikuwa bado inaonekana. Lakini kilo walizoongeza katika mimba hazikutofautiana na za wenzao. Tunaomba wasomaji waikumbuke sehemu hiyo ya mwisho. Mafunzo yalitibu huzuni kwa kiasi chake. Mzani una mambo yake mengine: chakula gani kipo nyumbani, kwa bei gani, mama anafanya kazi gani, na anapumzika saa ngapi.

Sasa tuvuke Ruvuma. Wazee waliofanya kazi ya mkonge Tanga na Lindi wanawakumbuka Wamakonde na watu wengine wa kaskazini ya Msumbiji waliovuka mto huo kuja kutafuta mshahara, hivyo habari za Cabo Delgado si za ugenini kwetu. Macaloe ni kisiwa kidogo katika visiwa vya Quirimbas, mbele ya pwani ya wilaya ya Macomia. Kwenye pwani hiyo watu husema Kimwani, lugha ambayo Mswahili akiisikia hushika neno moja na kupoteza la pili, akacheka. Wanaume huvua. Wanawake, maji yakipwa, na hasa siku za bamvua, hushuka miambani kutafuta chaza, kome na pweza, mgongo umeinama na jua liko utosini. Mwenye mimba naye hushuka, maana mboga ya usiku iko huko. Hana kadi ya chama, hana mwajiri wa kumdai likizo, na bahari haimsubiri. Hata hivyo kazi yake ni kazi, na mwili wake huchoka kama wa mbanguaji.

Juu ya kazi hiyo ikaja vita. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga pwani hiyo hiyo, kikang'oa mapaa na minazi. Mwisho wa Mei 2020 mji wa Macomia ukavamiwa, na ukavamiwa tena Mei 2024. Vijiji vya pwani ya Mucojo vikakimbiwa, na visiwa navyo havikusalimika. Mwezi wa Oktoba 2020 majahazi na mitumbwi ilimiminika katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba (Pemba ya Msumbiji, si ile ya Zanzibar), ikiwa imejaa watu, waja wazito na wachanga wakiwamo. Chombo kimoja kilizama mwishoni mwa mwezi huo, na makumi ya watu wakafa maji. Ilipofika mwisho wa 2022 watu waliokimbia makwao katika vita hivyo walikuwa wapata milioni moja. Baadhi wamerudi tangu hapo, na baadhi ya waliorudi wamekimbia tena.

Basi mchukue mama aliyeshuka katika jahazi pale Paquitequete akiwa na mimba ya miezi saba, mume hajulikani alipo. Umwambie nini? Ukimwambia ajihadhari na unene, utakuwa umemtukana. Ukimwambia avute pumzi polepole, si vibaya, avute. Lakini moyo wake hauendi mbio kwa kuwa hajui kupumua. Unaenda mbio kwa sababu ameona nyumba ikiungua. Hofu yenye sababu haiondoki kwa kufumba macho. Kwanza mtu huyu anahitaji mahali salama, chakula, na mwenzake wa kukaa naye, ndipo mengine yafuate. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limefanya kazi ya afya ya akili miongoni mwa waliokimbia huko, na kilichotangulia katika kazi ya namna hiyo ni kuwapa watu nafasi ya kusema na kusikilizwa.

Hatulinganishi vita na zamu ya kiwanda. Tunalolisema ni kwamba kosa la kumshauri mtu juu ya pumzi yake huku umeyaacha yanayomkaba ni kosa lile lile, liwe Paquitequete, liwe kwenye meza ya kubangulia. Hata katika viwanda vyetu yako mambo yanayomkaba mja mzito: kiwango cha kilo kisichopunguzwa, msimamizi anayenuna akiombwa ruhusa ya kliniki, mkataba unaokwisha mwezi ule ule tumbo linapoonekana, na nyumbani mume anayepiga. Mwajiri akileta mwalimu wa utulivu saa ya chakula, tumpokee kwa adabu. Lakini tumwulize pia kiti kiko wapi.

Tuje kwenye kilo zenyewe, maana hapa pana maneno mengi yasiyo sahihi. Kwa vipimo vilivyotolewa Marekani mwaka 2009, ambavyo wakunga wa nchi nyingi huvitumia, mwanamke aliyeanza mimba akiwa na uzito wa wastani anatazamiwa kuongeza kilo 11.5 mpaka 16 kwa mimba nzima. Aliyeanza akiwa mwembamba mno anatakiwa kuongeza zaidi, kilo 12.5 mpaka 18. Aliyeanza akiwa mnene ataongeza kidogo, kilo 7 mpaka 11.5, na mwenye unene mkubwa sana kilo 5 mpaka 9. Kwa hiyo wanawake wawili wanaokaa benchi moja kliniki wanaweza kupewa ushauri unaopingana, na wote wawili wakawa wameambiwa kweli. Tena kilo hizo si mafuta matupu kama wengi wanavyodhani. Mtoto mwenyewe ni kilo 3 na kitu. Kondo la nyuma, maji ya uzazi na mfuko wa uzazi uliokua ni kilo mbili na nusu hivi. Damu ya mama huongezeka, nayo ni kilo moja na nusu. Yaliyobaki ni maziwa, maji ya mwili, na akiba ya mafuta ambayo mwili huweka kwa ajili ya kunyonyesha.

Chakula cha kuongeza si kingi kama msemo wa kula kwa ajili ya wawili unavyodai. Miezi mitatu ya kwanza karibu hakuna nyongeza. Baada ya hapo ni kalori 340 hivi kwa siku, na miezi ya mwisho 450, yaani kama sahani ndogo ya ugali na maharage. Lakini hesabu hiyo ni ya mama asiyebeba mzigo. Anayeinama na kuinuka kutwa na kikapu mgongoni anatumia zaidi, na asipokula zaidi, mwili wake utachota katika akiba yake mwenyewe na ya mtoto. Dagaa, kunde, kisamvu, mayai, maziwa yakipatikana. Na korosho, ndugu zetu! Mbanguaji anashika mikononi mwake chakula kinachomfaa mja mzito kuliko vingi, na jioni anarudi nyumbani na muhogo mkavu. Hatuoni sababu kiwanda kisiweze kutenga punje zilizovunjika kwa ajili ya uji wa saa nne wa akina mama hao.

Kuna miiko nayo. Pwani nyingi, Msumbiji ikiwamo, mja mzito hukatazwa mayai, na wengine humwambia ale kidogo ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Tunawaheshimu wazee wetu, na mengi waliyotufundisha juu ya kumhifadhi mzazi ni mazuri, lakini haya mawili yawekwe kando. Wanaokula udongo nao wasichekwe. Wapelekwe wapimwe damu, maana hamu hiyo mara nyingi hufuatana na upungufu wa damu. Pale ambapo hakuna mzani, mkunga hutumia utepe kwenye mkono wa juu: ukiwa chini ya sentimeta 23, kwa kipimo kinachotumika sana, mama huyo ana upungufu wa chakula na asaidiwe.

Liko ongezeko moja la uzito ambalo si la kungoja. Mja mzito akiongeza kilo kwa ghafla katika siku chache, uso na mikono ikavimba, kichwa kikamwuma sana, macho yakaona ukungu au nyota, huyo si mnene. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja, na inaua. Aondoke kazini saa hiyo hiyo aende hospitali, na msimamizi atakayemwambia amalize zamu kwanza ashtakiwe tawini.

Sasa huzuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake 15.6 katika kila 100 hupata maradhi ya akili wakati wa mimba, na 19.8 baada ya kujifungua, na yaliyo mengi ni huzuni kubwa. Dar es Salaam uchunguzi uliofanywa miongoni mwa waja wazito waliohudhuria kliniki na kutolewa mwaka 2010 ulikuta karibu wanne katika kila kumi wakiwa na dalili za huzuni kubwa, na shida za fedha na ugomvi na mume vikionekana nyuma yake. Wanne katika kumi! Pamoja na hayo, ni wangapi kati yao waliotamka neno? Kwetu mama akisema amechoka na dunia huambiwa amshukuru Mungu kwa mimba, au huambiwa ana jini, au kwamba ni uvivu. Akawa amejifunza kunyamaza.

Dalili si za siri. Mtu huzunika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hapati usingizi hata anapopata nafasi ya kulala, chakula hakipiti au anakula bila kusikia ladha, alichokipenda hakimvuti tena, anajiona si kitu. Hapa ndipo moyo na mzani hukutana: mwingine huzuni humkondesha, mwingine humfanya ale sana vitu vitamu na vya mafuta ili apate kujiliwaza. Akianza kusema afadhali afe, au anamwogopa mtoto, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Tena dawa yake haihitaji majumba. Huko Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare. Mabibi hao walifundishwa kusikiliza, wakawekewa mabenchi nje ya zahanati, na wenye mioyo mizito wakaja kukaa nao wamalize fundo moja baada ya jingine. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Pakistani, katika vijiji vya Rawalpindi, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio na shahada, wawatembelee nyumbani waja wazito wenye huzuni. Taarifa yao ya 2008 inasema miezi sita baada ya kujifungua, waliotembelewa hivyo wenye huzuni bado walikuwa asilimia 23. Kwa wenzao walikuwa asilimia 53. Somo na kungwi wetu wa pwani wangeielewa kazi hii kwa siku moja.

Baadhi ya ndugu wametuambia: haya ni mambo ya wizara ya afya, chama kibaki na mishahara. Tunawajibu kwamba likizo ya uzazi nayo ilikuwa mambo ya nyumbani mpaka wafanyakazi walipoidai. Msumbiji sheria mpya ya kazi, namba 13 ya 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, imeongeza likizo hiyo kutoka siku 60 hadi 90, na baba aliyekuwa akipewa siku 1 sasa anapewa siku 7. Tanzania sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 84, inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, na inamkinga mja mzito na kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho. Kenya ni miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183, wa mwaka 2000, unataka zisipungue wiki 14, na siku zile 84 za Tanzania ni wiki 12 tu. Hapo pana kazi bado.

Lakini shida kubwa hatuioni katika hesabu ya siku. Tunaiona kwa kibarua. Mama wa msimu wa korosho, mchumaji asiye na mkataba, na sasa yule aliyekimbia Macomia anayekubali malipo yoyote kwa kuwa hana shamba la kurudia, wote hao sheria huwapita kando. Mwajiri humwambia apumzike akijifungua, na hilo ndilo neno la kumfukuza. Huyo ndiye mwenye sababu nyingi zaidi za kutolala, na ndiye tusiyemwandika katika daftari la tawi.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya mkataba wa hiari yajayo tunapendekeza matawi yaweke mezani mambo ambayo mwajiri hawezi kusema hayana bei anayoimudu. Mja mzito apunguziwe kiwango cha kilo bila kupunguziwa malipo. Apewe kiti chenye egemeo, maji karibu na choo karibu. Siku ya kliniki isikatwe. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8, basi ziwe siku 8. Zahanati ya kiwanda au ya shamba iwe na mzani wa watu unaofanya kazi, na kitabu cha kuandikia. Wanawake wawili katika kila tawi, waliokubaliwa na wenzao kwa kutunza siri, wapelekwe wafundishwe kusikiliza na kujua ni lini wampeleke mtu hospitali, na saa watakazotumia zihesabiwe kuwa saa za kazi. Anayetaka kukaa kimya robo saa na pumzi yake au tasbihi yake apewe hiyo robo saa na mahali pasipo na moshi wa maganda.

Na kipengele cha kwanza, kabla ya hivyo vyote, kiandikwe kwamba mkataba huo unamhusu kila mwanamke anayeingia getini asubuhi, mwenye barua ya ajira na asiye nayo.